KABLA HUJAUZA SHAMBA UKAHAMIE NCHI YA WATU, PIGA HESABU HIZI

Leo andiko ni refu kidogo. Chukua chai, kaa chini, usome mpaka mwisho, maana najua kuna mtu anasoma hapa na tayari ameshatafuta mteja wa shamba.

Huku Msangeni kila Desemba milima inajaa magari. Watu wanarudi kula sikukuu, wanakuja na simu kali na stori za huko waliko. Ikifika Januari, wakishaondoka, maswali yananijia: "Kaka, nataka nitoke nje kabisa, nikaishi huko na kufanya biashara zangu. Nchi gani maisha ni rahisi?"

Jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Nasema hivi: nchi rahisi kwa maisha haipo kwa kila mtu. Ipo nchi inayokubali biashara yako kisheria, na ambayo mwisho wa mwezi inakubakizia kitu. Usipotazama hayo mawili, bei ya unga na bei ya chumba hazikusaidii kitu.

Na kwa mtu wa mtaji mdogo anayetoka huku Upare, msimamo wangu ni kwamba nchi ya kwanza kuifikiria ni ya jirani, tena Kenya. Oman, Dubai na China zinakuja baadaye sana. Nitaeleza kwa nini.

1. ANZA NA KARATASI, BEI YA CHUMBA BAADAYE

Wengi wanauliza "chumba shilingi ngapi?" kabla ya kuuliza "naruhusiwa kuuza?" Hapo ndipo mtaji unapozama.

Mnakumbuka Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15 hapa nchini. Humo kuna duka la rejareja, uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, kununua mazao shambani, udalali na nyinginezo. Mgeni akikamatwa faini inaanzia shilingi milioni 10, au kifungo, na kibali chake kinafutwa. Kariakoo watu walishangilia. Wakenya walilalamika.

Sasa jiulize: kama sisi tumeweka ukuta kulinda kaduka ka mtu wetu, wenzetu watashindwaje?

Ghana, kwa sheria yao ya uwekezaji ya mwaka 2013, mgeni anayetaka kufanya biashara ya kununua na kuuza bidhaa anatakiwa mtaji wa dola milioni 1 na aajiri Waghana 20 wenye ujuzi. Kuuza sokoni na kuchuuza mtaani ni kwa raia tu. Malawi walitunga sheria mwaka 2012 ya kuwabana wafanyabiashara wageni wabaki miji mikubwa, wasiende kuuza vijijini. Afrika Kusini mwishoni mwa 2024, baada ya watoto kufa kwa vyakula vilivyokuwa na sumu, Rais Ramaphosa aliamuru maduka yote madogo ya mitaani yajisajili upya au yafungwe. Mgeni asiye na kibali cha kueleweka ataanzia wapi kujisajili?

Kwa hiyo, kabla ya bei ya chumba, tafuta majibu ya haya manne:
- Mgeni anaruhusiwa kufanya biashara hii ninayoijua mimi?
- Kibali chake kinaitwaje, kinatolewa na ofisi gani, kwa shilingi ngapi?
- Kinadumu muda gani, na kukihuisha ni lazima nirudi nyumbani au naweza kufanyia hukohuko?
- Kikiisha nikiwa na mzigo dukani, inakuwaje?

Ukikosa jibu hata la moja, bado hujachagua nchi. Umechagua hadithi ya mtu.

Na msichanganye kuingia na kufanya kazi. Mtanzania akivuka kwenda Kenya anagongewa muhuri wa kukaa mpaka miezi 6 bila kulipia viza. Muhuri huo ni wa kutembea. Haukupi ruhusa ya kufungua duka Mombasa. Wapo wanaokaa hivyo miaka, kila miezi 6 wanatoka na kuingia. Siku moja afisa anauliza "unafanya nini humu?" na hapo biashara yote inaisha kwa swali moja.

2. HESABU KINACHOBAKI, USIHESABU KINACHOINGIA

Hapa ndipo tunapodanganyika. Mtu anasema "fulani anaingiza milioni na nusu kwa mwezi". Sawa. Na anabaki na ngapi?

Tuchukue mfano. Hizi namba nimezitunga kuonyesha njia, wewe weka zako.

Mtu wa kwanza kaenda nchi ya mbali. Faida yake kwa mwezi, kwa hela yetu, ni 1,500,000.
Chumba 450,000
Chakula 350,000
Usafiri wa kila siku 100,000
Kibali 1,800,000 kwa mwaka, gawa kwa 12 ni 150,000
Nauli ya kuja nyumbani mara moja kwa mwaka 2,400,000, gawa kwa 12 ni 200,000
Makato ya kutuma hela na kubadilisha 50,000
Jumla ya matumizi 1,300,000. Anabaki na 200,000.

Mtu wa pili yuko nchi jirani. Faida 750,000, yaani nusu ya mwenzake.
Chumba 120,000
Chakula 180,000
Usafiri 60,000
Karatasi zake zote 240,000 kwa mwaka, kwa mwezi 20,000
Nauli ya kuja nyumbani kila mwezi 30,000
Makato ya kutuma 10,000
Jumla 420,000. Anabaki na 330,000.

Umeona? Anayeingiza nusu ndiye anayebaki na zaidi, na kila mwezi anawaona watoto wake. Lakini Desemba yule wa kwanza ndiye atakayeshuka na begi kubwa, na ndiye vijana watakayemuuliza njia.

Kibali na nauli ya nyumbani ndiyo matumizi mawili ambayo watu hawayaandiki kwa sababu hayatoki kila mwezi. Yanatoka kwa mkupuo, yanakukuta huna, unakopa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ugenini inapotea haraka zaidi kwa sababu hakuna mjomba wa kukukopesha.

Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili. Haya, leo ndiyo siku ya kuutumia vizuri.

3. HELA YA NCHI HIYO INASIMAMA AU INATELEZA?

Hili wauzaji wa mazao mnalielewa kuliko wasomi wengi.

Novemba 2023 Malawi walishusha kwacha yao ghafla. Dola moja ilikuwa kama kwacha 1,180, ikawa 1,700. Mtu aliyelala na akiba ya kwacha 1,180,000 alikuwa na dola 1,000 mfukoni. Alipoamka alikuwa na kama 694. Hakuibiwa, hakupata hasara dukani, lakini theluthi karibu nzima imekwenda. Sudan Kusini yaliwakuta makubwa zaidi Desemba 2015: dola iliruka kutoka pauni karibu 3 mpaka 18 na zaidi kwa mara moja. Kwa mtu aliyekuwa Juba anaweka pauni chini ya godoro, hiyo ilikuwa miaka ya jasho.

Oman, kinyume chake, rial yao imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986. Rial moja ni kama dola 2.6, jana na leo. Ukiweka akiba pale unajua utakachokuta. Hiyo ni sifa ya kweli ya Uarabuni na siwezi kuificha.

Kenya je? Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huohuo ikawa kama 130, yaani hela yao ilipata nguvu. Ukipiga hesabu, chumba cha Ksh 10,000 kilikuwa kama 157,000 ya kwetu Januari, kikafika karibu 200,000 miezi michache baadaye, na mwenye nyumba hajaongeza hata senti. Kwa anayeishi kule akitegemea hela inayotoka Tanzania, hayo ni maumivu. Kwa anayeuza kule na kuleta faida huku, ni neema.

Somo ni rahisi: ishi kwa hela ileile unayouzia, na akiba usiiache yote kwenye hela inayoteleza. Kila mwezi hamisha kidogo nyumbani, nunua mabati, nunua ng'ombe, lipia ada.

4. TUZIPIME NCHI ZENYEWE

UARABUNI. Ukienda na mkataba mzuri wa kazi, dereva, fundi au mhasibu, unaweza kuweka akiba nzuri. Lakini hapa tunazungumzia mfanyabiashara mdogo anayetaka kujitegemea. Kule ukaaji wako umefungwa kwa mwajiri au mdhamini. Oman walilegeza kidogo Januari 2021, mfanyakazi akimaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ridhaa ya yule wa zamani. Ni hatua nzuri, ila hiyo ni habari ya mtu aliyeajiriwa. Ya mwenye genge ni nyingine kabisa. Oman pia ina orodha ndefu ya kazi na biashara za raia wake tu. Na dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: wengine walinyang'anywa pasipoti, wengine walifanyishwa kazi bila mapumziko, wengine hawakulipwa. Msimpeleke binti kwa maneno ya wakala tu.

DUBAI NA GUANGZHOU. Hii ni miji ya kwenda kununua. Unaingia, unafunga mzigo, unarudi Kariakoo. Kuishi ni jambo jingine. Dubai wengi wa kipato kidogo hawapangi chumba, wanapanga kitanda ndani ya chumba cha watu wengi. China mgeni anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika kwenye makazi yake, na Aprili 2020 Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakalala nje kwa hofu ya korona. Pesa ipo, usalama wa makazi ndio wa kuutilia shaka.

AFRIKA KUSINI. Soko kubwa, na mtu wa kujituma anatoboa. Lakini 2008, 2015 na 2019 maduka ya wageni yalivunjwa na kuchomwa, na mwaka 2008 pekee watu zaidi ya 60 waliuawa. Ukienda huko ingiza kwenye daftari gharama ya kupoteza stoku yote mara moja. Kama mtaji wako hauwezi kuhimili hilo, hiyo nchi si nafuu kwako hata kama unga ni bei chee.

ZAMBIA. Watu wakarimu, barabara ya Tunduma inafikika, na wenzetu wengi wanapeleka bidhaa kule. Kupeleka mzigo na kurudi, sawa kabisa. Ila ukitaka kukaa na kufungua duka, vibali vya uwekezaji vinahesabu mtaji kwa maelfu mengi ya dola. Na Kiswahili chako kinaanza kuishia Nakonde.

KONGO. Lubumbashi Kiswahili kinakwenda, pesa ya dola inatembea mkononi, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ila upande wa Goma mmeona wenyewe: Januari 2025 mji ulitekwa na M23, mabenki yakafungwa. Kusini na mashariki ni kama nchi mbili tofauti, usisikie "Kongo" ukaziweka kapu moja.

KENYA. Huku milimani kwetu, ukishuka Mwanga, ukapita Himo, ukafika Holili, Taveta iko pale ng'ambo. Lugha ni yako. Chakula ni chako. Una Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, inayotambua haki ya mwana Afrika Mashariki kufanya kazi na kuanzisha shughuli zake nchi mwenza. Kwa mgeni wa kutoka nje ya Jumuiya, kibali cha mwekezaji Kenya kinataka dola 100,000. Wewe una mlango mwingine, utumie. Nenda ofisi ya uhamiaji, uliza kibali cha raia wa Afrika Mashariki, kisha chukua namba ya mlipakodi na leseni ya kaunti. Ukikaa zaidi ya siku 90 jiandikishe kama mgeni mkazi.

Sisemi Kenya ni mbinguni. Nairobi kodi ya chumba itakutoa jasho, na amri yetu ya 2025 imewaudhi, usishangae ukikumbushwa. Lakini Taveta, Voi au Wundanyi si Nairobi. Na jambo likiharibika unapanda gari unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna nchi nyingine katika orodha hii inayokupa hilo.

5. JARIBU KABLA YA KUHAMA

Huna haja ya kuruka mara moja. Kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wa mpakani: mzigo uliozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, unapata cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na haulipi ushuru wa forodha. Tozo nyingine ndogondogo na vipimo vya afya ya mimea vipo, uliza kabla. Maharage yetu, ndizi zetu, parachichi, tangawizi ya kule Same, vyote vinaingia humo.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta pasipoti, ada ni 150,000 na inakaa miaka 10. Miezi 6 ya kwanza lala Msangeni, uza Taveta siku za gulio. Andika kila senti. Jua nani analipa na nani ni msumbufu. Baada ya hapo panga chumba cha miezi 3, bila familia. Daftari likikuonyesha kinachobaki ni kikubwa kuliko cha nyumbani, omba kibali, hamia. Likionyesha hapana, umepoteza nauli tu.

6. YALE TUSIYOPENDA KUYASEMA

Kuishi muda mrefu siyo kula na kulala tu. Kuna kuumwa. Kuna watoto: ukiwapeleka Lubumbashi watasoma Kifaransa, ukirudi nao darasa la 6 hapa wataanzia wapi? Kuna uraia: Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, ukichukua wa kwao umeuacha wa kwako.

Na kuna kifo. Sisi watu wa huku tunazikwa nyumbani, hilo mnalijua. Kusafirisha mwili kutoka mbali ni gharama ambayo mara nyingi inalipwa kwa michango ya watu ambao nao hawana. Kutoka Voi, ndugu wanakodi gari. Ukiwa kijana huwazi hayo, lakini mzee wako anayawaza kila ukimpigia simu.

Ndiyo maana nasema: shamba usiuze. Kodisha. Weka mtu alime mgawane. Nauli na kibali vitafutwe kwa biashara ndogo, kwa kikoba, kwa kuuza mbuzi, lakini ardhi ya ukoo ibaki. Mtu aliyeondoka akiacha shamba, mambo yakigoma anarudi kulima. Aliyeuza shamba anabaki ugenini hata pale ambapo kubaki kunamtesa, kwa sababu hana pa kurudi. Namwona huyo kuwa ndiye anayeishi maisha ya gharama kuliko wote, hata kama chumba chake ni bei ya bure.

Najua wapo watakaosema nawakatisha tamaa vijana. Hapana. Kutoka ni kuzuri, na waliotoka wamejenga nusu ya nyumba za bati jipya mnazoziona huku. Nendeni. Ila nendeni na daftari, na kibali, na ufunguo wa nyumbani mfukoni.

Kama unaishi nje sasa hivi, tuandikie hapo chini: uko nchi gani, kibali chako kinagharimu kiasi gani kwa mwaka, na unabaki na ngapi. Usituambie unaingiza ngapi, hiyo tumeshaisikia. Mwonyeshe andiko hili na yule ndugu yako anayetafuta mnunuzi wa shamba.

Biashara njema.